Kumi Hawatoki, Tisini Wanatoka

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu upasuaji wa baba, barua yako nimeisoma yote, pamoja na yale maneno ya shangazi uliyoyabana pembeni mwa ukurasa. Kwa faida ya wasomaji wengine: daktari amependekeza mzee apasuliwe, na kikao cha familia kimegawanyika. Kaka mkubwa alikuwepo hospitali, akasikia kwamba katika wagonjwa 100 wa aina hiyo, 90 wanatoka salama. Baba mdogo alipata habari kwa simu, na alivyofikishiwa ni kwamba 10 katika 100 hawatoki. Sasa mmoja anataka iwe kesho asubuhi, mwingine anasema mnampeleka ndugu yake machinjioni.

Hesabu waliyoishika ni ileile, mdogo wangu. Mnagombana bure.

Lakini baba mdogo usimcheke. Mwaka 1982 watafiti nchini Marekani, Amos Tversky akiwa mmoja wao, walichapisha utafiti juu ya saratani ya mapafu. Watu walipewa takwimu za tiba mbili, upasuaji na mionzi, wakaambiwa wachague kama vile wanaougua ni wao. Wengine walielezwa wangapi wanabaki hai, wengine wangapi wanakufa, na takwimu zenyewe hazikutofautiana hata chembe. Waliosikia habari za kubaki hai, 18 tu katika kila 100 walichagua mionzi. Waliosikia habari za vifo, walifika 44. Na kama unadhani huo ni udhaifu wetu sisi tusiosomea udaktari, madaktari nao walikuwa miongoni mwa walioulizwa, na waliyumba vilevile.

Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho, wewe na baba mdogo nendeni kwa daktari pamoja, na karatasi mkononi. Yeye hasa ndiye aende, maana habari ya kusimuliwa ndiyo iliyowafikisha hapa. Ulizeni hivi: katika wagonjwa 100 wenye umri na hali kama ya baba, wangapi wanakuwa hai baada ya upasuaji, baada ya mwaka, baada ya miaka mitano? Na wangapi wanakuwa wamekufa? Andikeni safu zote mbili. Daktari mzuri hatachukia, na akichukia ulizeni tena kwa heshima.

Halafu rudieni maswali hayohayo kuhusu kutompasua. Hapa ndipo familia nyingi zinapoteleza. "Tusubiri kwanza" inasikika kama hakuna aliyeamua lolote, mikono ya kila mtu ni misafi. Ilana Ritov na Jonathan Baron waliliona jambo hili mwaka 1990 walipouliza watu kuhusu chanjo: wengi walikataa kumchanja mtoto kwa kuogopa chanjo yenyewe isije ikamuua, hata pale ambapo hatari ya ugonjwa ilikuwa kubwa kuliko ya chanjo. Kifo kinachotokana na jambo ulilolitenda kinauma kuliko kile kilichokuja wakati umekaa. Najua. Ila kwa mgonjwa mwenyewe tofauti hiyo haipo, kwa hiyo kusubiri nako kuandikieni safu yake.

Sasa shangazi. Anasema mume wa jirani yake alipasuliwa, hakurudi, na tangu aseme hivyo kikao kimenyamaza. Ndivyo tulivyo: mtu mmoja tunayemjua huwa mzito kuliko mamia wasio na sura. Mwaka 2007 Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha majaribio ya michango. Waliooneshwa picha ya Rokia, msichana wa miaka saba kutoka Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa walitoa 1.14. Na waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu? Dola 1.43. Takwimu zilipokaa karibu na mtoto, zilipunguza huruma badala ya kuiongeza.

Basi usitegemee kumshinda shangazi kwa asilimia, hutaweza. Muulize kwa upole kama anawajua waliopasuliwa wakapona. Atakuwa anawajua. Wanapita sokoni kila siku, tatizo ni kwamba mtu aliyepona haitishiwi matanga.

Nimeacha la mwisho makusudi. Katika takwimu walizopewa watu wa ule utafiti wa saratani, waliofanyiwa upasuaji, 68 katika 100 walikuwa hai baada ya mwaka na 34 baada ya miaka mitano. Wa mionzi walikuwa 77 na 22. Hizo ni hesabu za zama zile, msizifanye za baba. Lakini zitazame: anayetaka kuuona mwaka huu ukiisha ana sababu ya kuchagua mionzi, na anayetafuta miaka mingi ana sababu ya kuchagua kisu, wala hakuna kati yao anayekosea hesabu. Hakuna daktari wala kaka anayeweza kumchagulia mtu hapo.

Na katika barua yako kaka ana maoni, baba mdogo ana maoni, shangazi ana maoni tele. Baba ametajwa kama mtu wa kupasuliwa au kutopasuliwa tu, ingawa umeniandikia kwamba akili zake ni timamu na taarifa ya habari ya saa mbili usiku haimpiti. Mkamwulize. Mpelekeni karatasi yenye safu zote, ya wanaotoka na ya wasiotoka, msimlainishie kwa kumsomea nusu. Akitaka siku moja ya kufikiri peke yake, mpeni. Kikao kinaweza kusogezwa. Ila kama daktari ametoa tarehe, hiyo ndiyo msiipitishe.