"Yaani Unakwenda Chuo Kusomea Kukimbia?"

 

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, kijana anaulizwa swali moja kila kona: kozi gani? Ukisema udaktari, watu wanakaa sawa kwenye viti. Ukisema sheria, mjomba anaanza kukuita wakili siku hiyo hiyo. Sasa jaribu kusema umechagua sayansi ya mazoezi na mwendo wa mwili wa binadamu. Kimya kidogo, halafu: "Yaani unakwenda chuo kusomea kukimbia?" Na kama nyumbani ni watu wa Kanisa, swali linaongezewa mkia: "Mwili huu utaoza, mwanangu. Si bora usome kitu kitakachobaki?"

Swali la kwanza nitalijibu upesi. La pili ndilo lenye somo.

Kwanza, haisomwi mbio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, na jirani zetu Kenya wanayo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ndani ya masomo haya utakutana na anatomia, na fiziolojia, yaani kazi ya moyo, mapafu na misuli ukiwa umekaa na ukiwa unapanda mlima. Utakutana na baiomekanika, ambayo ni ile fizikia ya nyenzo na kani uliyoikimbia kidato cha pili, safari hii inakuja kukutafuta kwenye goti na nyonga. Kuna lishe, kuna saikolojia, na kuna namna ubongo unavyojifunza mwendo mpya. Usichanganye na fiziotherapia, ambayo ni taaluma ya tiba na hapa kwetu inafundishwa, kwa mfano, KCMC pale Moshi. Ni majirani wanaokopeshana chumvi, lakini kila mmoja ana nyumba yake.

Tena elimu hii haiwahusu wanariadha peke yao. Mojawapo ya tafiti zake maarufu kabisa ilifanywa kwa dereva na konda. Mwaka 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na konda wako basi moja, kampuni moja, moshi wa jiji ni ule ule. Tofauti yao kubwa: dereva amekaa karibu zamu nzima, konda anapanda mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku akikata tiketi. Wakaona makonda wanapata ugonjwa wa mishipa ya moyo kidogo kuliko madereva, na hata wanapoupata, hauwaui upesi kama madereva.

Ninachompendea Morris ni kwamba hakuishia hapo kushangilia. Alijiuliza: je, kama wanene ndio wanaochagua udereva tangu mwanzo? Basi mwaka 1956 yeye na wenzake wakatoa utafiti wa sare za kazi, wakilinganisha vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi, hata wale vijana. Kwa hiyo habari haikuwa nyepesi kama ilivyoonekana, ikabidi kazi iendelee. Kijana Mkatoliki, jifunze hiyo tabia. Ukweli hauogopi kuulizwa mara ya pili.

Sasa tuje kwenye lile swali lenye mkia.

Anayesema "mwili utaoza, soma kitu kitakachobaki" anadhani anaongea Kikristo. Mara nyingi anaongea Kiplato bila kujua. Plato aliona roho kama mfungwa na mwili kama gereza. Wamani wakaenda mbali zaidi, wakasema mwili ni kazi ya nguvu za giza, na Mtakatifu Augustino alikaa nao miaka kadhaa kabla ya kuwakimbia. Kanisa lilikataa fundisho hilo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akitembea na Aristotle, alifundisha kwamba roho ndiyo umbo la mwili. Neno "umbo" hapa halina maana ya sura ya nje, bali lile linaloufanya mwili uwe mwili hai wa binadamu. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1311 hadi 1312, ukalithibitisha, na ukifungua Katekisimu namba 365 utalikuta. Tomaso, akifafanua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho sura ya 15, anafika mahali pa kushangaza: roho yangu peke yake siyo mimi. Roho ikiokolewa bila mwili, bado mtu mzima hajapatikana. Ndiyo maana kila Dominika tunakiri ufufuko. Kama mwili ungekuwa ganda tu, tungekuwa tunangojea nini makaburini?

Lakini ukifika darasani utakutana na kosa la upande wa pili, na hili linawabeba wengi. Hapo mwili hauitwi gereza, unaitwa mashine. Moyo ni pampu, misuli ni kamba, ubongo ni kompyuta, na wewe unayesema "mimi" ni kelele tu za mitambo. Lugha hii ina faida yake, maana huwezi kupima kani kwenye goti bila kulichukulia goti kama bawaba. Shida inaanza pale kipimo kinapogeuka kuwa imani. Wapo vijana wanaoingia chuo wakiwa viongozi wa TYCS, na mwaka wa tatu wanasema hakuna roho, kuna mishipa ya fahamu. Hakuna aliyewashinda kwa hoja. Walizoea lugha tu.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu sayansi hii yenyewe ina jambo la kusema.

Miaka ya 1920 huko Moscow, Nikolai Bernstein alipewa kazi ya kuchunguza mwendo wa wafanyakazi wanaopiga tindo kwa nyundo. Waliomwajiri walitaka kupata ule mwendo mmoja bora, wafanyakazi wote wafundishwe kama mitambo. Bernstein akawafunga vitaa vidogo kwenye viungo vya mkono na kupiga picha mfululizo. Hawa walikuwa mafundi, watu wa uzoefu, wamepiga nyundo maelfu ya mara. Ungetegemea bega, kiwiko na kifundo vipite njia ile ile kila pigo. Havikupita. Kila pigo, viungo vilitofautiana kidogo. Kilichobaki karibu pale pale ni kichwa cha nyundo kinapofikia tindo.

Soma tena aya hiyo, mdogo wangu. Njia zinabadilika, mwisho haubadiliki. Bega likikosea kidogo, kiwiko kinalipa deni. Fundi hajakariri mwendo. Anajua anakokwenda, na mwili mzima unajipanga kufuata huko. Bernstein akafikia kusema kwamba katika mazoezi mtu harudii jibu lile lile, anarudia kazi ya kulitafuta jibu.

Aristotle angetabasamu. Aliandika kijitabu juu ya mwendo wa wanyama, na swali lake lilikuwa hilo hilo: ni nini kinachomsogeza kiumbe hai? Jibu lake, kwa kifupi, ni kwamba kiumbe hai husogezwa na kitu anachokitaka. Huwezi kuelewa mkono unaonyanyuka kwa kuhesabu misuli peke yake. Lazima uulize unanyanyuka kwa ajili gani. Ni kuomba ruhusa darasani, au kumpiga mtu, au kutoa baraka? Misuli inaweza kuwa ile ile.

Sisemi kwamba Bernstein alithibitisha uwepo wa roho. Alikuwa mwanasayansi wa Kisovyeti, na tusimbatize kwa nguvu. Roho haionekani kwenye picha za vitaa. Ninachosema ni kwamba ukichunguza mwendo wa binadamu kwa uaminifu, unakutana na lengo. Na mashine haina lengo lake yenyewe, ina la aliyeitengeneza. Kwa hiyo mhadhiri akisema mtu ni mitambo tu, huna haja ya kukasirika wala kutoka darasani. Muulize kwa adabu: "Samahani mwalimu, fundi yule alilengaje tindo?"

Jambo hili linagusa watu halisi. Fikiria umehitimu, na mbele yako kuna bibi aliyepata kiharusi, anajifunza upya kushika kikombe. Ukiwa umefundishwa kwamba mwili ni mashine, utamwona kama mashine iliyoharibika, na mashine zilizoharibika tunajua tunazipeleka wapi. Ukijua kwamba huyu ni mtu mzima, roho na mwili pamoja, kikombe kinabadilika. Anataka kunywa chai na wajukuu. Hilo ndilo tindo lake. Utampangia mazoezi yanayoelekea huko, na hutakereka kidole chake kikipita njia tofauti na kitabu, mradi kikombe kinafika mdomoni.

Kuna mtego mwingine, nao sitauzungusha. Katekisimu, namba 2289, inatuonya dhidi ya kuuabudu mwili. Kozi hii ina kioo kila ukuta. Ukianza kupiga picha za tumbo lako kuliko unavyopiga goti, na ukianza kuangalia vidonge vya kukuza misuli ambavyo mwenzako anaviuza bwenini, umeshageuza hekalu kuwa sanamu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida ndogo (1Tim 4:8). Wengine wanautumia mstari huo kuyafuta mazoezi kabisa, lakini ndogo siyo sifuri. Huyo huyo Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alichukua mfano wake uwanjani (1Kor 9:24-27), na alijua wangemwelewa, maana karibu na mji wao yalifanyika mashindano makubwa ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Hakuwaambia wakimbiaji waache kukimbia. Aliuliza wanakimbilia taji gani.

Namalizia na mtakatifu ambaye ningempendekeza awe rafiki wa kila anayesoma kozi hii. Pier Giorgio Frassati wa Torino, Italia, alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025 pamoja na Carlo Acutis. Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa madini, mpanda milima hodari, kijana wa miguu yenye nguvu. Miguu hiyo hiyo ilimpeleka kwenye vyumba vya maskini wa jiji, na familia yake yenye uwezo haikujua ukubwa wa jambo hilo mpaka walipoona umati kwenye mazishi. Mwaka 1925 alipata polio, ugonjwa unaoshambulia mishipa ya fahamu inayoendesha misuli. Ilichukua siku chache tu. Mpanda milima akashindwa kusimama.

Siku moja kabla ya kufa, mkono ukiwa umeshaanza kupooza, aliandika kikaratasi kwa mwandiko unaosomeka kwa taabu: kulikuwa na dawa ya sindano ya maskini mmoja, imfikie. Alifariki tarehe 4 Julai 1925, akiwa na miaka 24.

Kwa vikundi vya TMCS, jadilini haya mawili mkikutana:

Ukiangalia mwili wako wiki hii iliyopita, umekwenda wapi zaidi, na kwa ajili ya nani?

Mzee wa jumuiya yenu asiyeweza tena kupiga goti anaabudu kwa mwili namna gani? Msijibu haraka. Nendeni mkamuulize mwenyewe.