Simu Nyepesi Isiwe Mzigo kwa Mwenzako



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo yanayoingia kati ya mume na mke: pesa, pombe, wakwe na malezi ya watoto. Leo tuangalie kitu kidogo kinachotoshea mfukoni, nacho ni simu. Wapo wanandoa waliochoka kuona simu ikiwa ya kwanza kuamkiwa asubuhi na ya mwisho kuagwa usiku. Baadhi yao wameamua kuiacha simu janja na kutafuta simu nyepesi, hasa zile zenye kioo cha wino wa kielektroniki. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo nyumba ina mahitaji yake, na simu ya siku hizi ni pochi, ni benki, tena ni ubao wa matangazo wa shule. Wanandoa wafanyeje basi ili wapate utulivu bila kukwamisha shughuli za nyumbani?

SIMU HII NI YA NAMNA GANI?

Kioo cha simu ya kawaida kina mwanga unaomwakia mtazamaji usoni. Kioo cha wino wa kielektroniki hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake mna vifuko vidogo mno, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa, nyeupe au nyeusi hupanda juu, na hivyo herufi hujichora. Herufi ikishachorwa hubaki pale bila kutumia umeme tena mpaka ibadilishwe. Ndiyo sababu kioo hiki husomeka vizuri hata juani, kama gazeti, na hakimalizi chaji upesi. Kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT, ndiyo iliyoueneza ufundi huu. Wengi waliuona kwanza katika Kindle, kifaa cha kusomea vitabu kilichotolewa na Amazon mwaka 2007.

Kioo hiki kina udhaifu wake. Hubadilika polepole, mara nyingine huacha kivuli cha maandishi yaliyotangulia, na video hazichezi vizuri. Lakini kwa wanaoitafuta simu hii, udhaifu huo ni faida. Ni vigumu mtu kukesha akitazama video katika kioo kinachojikokota.

Kampuni ya Light ya New York ilitoa Light Phone II mwaka 2019. Simu hiyo hupiga na kupokea, hutuma ujumbe mfupi, ina kengele ya kuamsha, kikokotoo na kalenda. Haina kamera, haina WhatsApp wala Facebook, na haifungui kurasa za intaneti. Kampuni ya Mudita ya Poland nayo ilitoa simu iitwayo Kompakt mwaka 2025, yenye swichi ya kukata mtandao na kipaza sauti kwa mara moja. Zipo pia simu za kioo hicho zinazotumia Android, nazo hukubali programu kama WhatsApp.

Tazameni jambo moja. Light ilipotoa simu yake ya tatu mwaka 2025, iliongeza kamera, na kioo cha wino ikakiacha, ikatumia kioo cha aina nyingine cha rangi nyeusi na nyeupe. Hata watengenezaji wa simu nyepesi bado wanapima ni kitu gani kiachwe na ni kipi kirudishwe. Sembuse sisi wenye nyumba na watoto!

FAIDA YAKE KWA NDOA

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, Amoris Laetitia, aligusia jambo hili waziwazi. Alitaja familia inayokaa mezani kila mtu akiwa na simu yake, na mume au mke anayeshikwa na usingizi akimngoja mwenzake ambaye yuko kwenye chombo chake kwa saa nyingi. Ni nani kati yetu asiyeijua nyumba ya namna hiyo?

Mke anaeleza habari za siku yake, mume anaitikia "mmh" huku kidole kinapanda na kushuka. Mume anarudi kazini amevunjika moyo, mke hainui macho. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyepigwa, lakini kila siku kuna aliyeachwa peke yake. Upweke wa namna hii hauna kelele, na kwa hiyo huota mizizi kabla haujaonekana. Simu nyepesi inaweza kusaidia hapa, kwa kuwa haina kitu cha kumvuta mtu baada ya mazungumzo kwisha. Ukimaliza kupiga, unaiweka chini.

MAHITAJI YASIYOEPUKIKA

Sasa tuhesabu mambo ambayo nyumba ya Kenya haiwezi kuyaacha.

La kwanza ni pesa. M-Pesa ilianza mwaka 2007, wakati ambapo Wakenya wengi walikuwa na simu za vitufe, na mpaka leo haidai simu janja. Hutumika kwa menyu ya laini au kwa kubonyeza *334#. Hapo hakuna shida. Shida ni kwamba si kila simu nyepesi kutoka ng'ambo huonyesha menyu ya laini au kukubali namba za nyota na reli. Simu isiyoweza kutuma pesa katika nyumba ya Mkenya ni kama jembe lisilo na mpini. Mtoto akiugua usiku wa manane, dereva wa teksi na mwenye duka la dawa hawatangoja kupambazuke.

La pili ni shule. Walimu wengi hutangaza karo, mikutano na siku za kufunga kwa kundi la WhatsApp. Jumuiya Ndogo Ndogo, chama cha akina mama na kamati ya harambee hufanya vivyo hivyo.

La tatu ni shughuli za serikali. Nyingine hufanyika kwa simu yoyote: kwa mfano, kujiandikisha katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka 2024, huwezekana kwa *147#. Lakini huduma za eCitizen, au kuwasilisha hesabu za kodi kabla ya tarehe 30 Juni kwisha, mara nyingi huhitaji intaneti. Hizi si kazi za kila siku. Zinaweza kufanywa kwa kompyuta, au kwa safari moja ya saiba.

La nne ni umbali. Kama baba anafanya kazi mjini na mama yuko nyumbani mashambani, kupigiana simu ya video jioni si anasa. Mtoto mdogo humjua baba yake kwa uso. Baba wa namna hiyo akiinunua simu isiyo na video na asiweke njia nyingine, amejitafutia utulivu kwa kuwanyima watoto wake uso wake.

MZIGO HUHAMIA KWA NANI?

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa maana ndipo ndoa nyingi zinapoweza kuumia bila kutambua.

Chukueni mfano wa mume anayeamua peke yake kuwa amechoka na mitandao. Ananunua simu ya kioo cha wino, anajitoa katika makundi yote, anaanza kulala vizuri. Anawasifia rafiki zake uhuru wake. Lakini matangazo ya shule hayajakoma. Sasa yanaingia kwa simu ya mkewe peke yake. Shemeji anayetaka picha za kikao cha mahari anamtafuta mama. Mwenye nyumba akituma hati, anaituma kwa mama. Tokeni za stima, mchango wa matanga, hata ujumbe wa kazini kwa mume, vyote vinapitia kwa mama. Jioni mume yuko kitini, mikono mitupu na moyo mweupe, akimlaumu mkewe kwamba haachi simu!

Ndugu yangu, kazi hiyo haijapungua hata kidogo. Imehama tu. Ulichokiacha wewe kimeokotwa na mwenzako, na pengine hukumwuliza kama mikono yake ina nafasi. Mambo yanaweza kuwa kinyume vilevile, mke akawa ndiye aliyejipumzisha na mume akabaki karani wa familia. Kujinyima kwa kweli humgharimu yule anayejinyima. Kukimgharimu mwenzake, kuna haja ya kuketi na kuzungumza upya.

Tena pana jambo la uaminifu. Simu nyepesi haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Mtu aweza kuweka simu ya wino mezani na kuficha nyingine kazini. Kama simu ilikuwa imeleta wasiwasi kati yenu, ongeeni juu ya wasiwasi wenyewe. Chombo kipya hakitaongea kwa niaba yenu.

HATUA ZA KUFUATA

1. Amueni wawili. Kabla ya kununua chochote, kaeni jioni moja mkiwa na karatasi. Upande mmoja andikeni kazi ambazo simu inaifanyia familia. Upande wa pili andikeni mambo yanayowaibia muda. Mtashangaa kuona kwamba orodha hizo mbili hazifanani sana.

2. Jaribuni bila gharama. Cal Newport, profesa wa sayansi ya kompyuta huko Marekani, katika kitabu chake Digital Minimalism cha mwaka 2019, anashauri mtu aache kwa siku 30 mambo ya mtandao yasiyo ya lazima, kisha arudishe yale tu yanayomfaa kweli. Ninyi mnaweza kufanya hivyo na simu mliyo nayo: toeni programu zinazowaibia muda, acheni M-Pesa, shule na kazi.

3. Fikirini kabambe. Simu za kioo cha wino huuzwa kwa mamia ya dola, na kuzileta huku kuna gharama zaidi. Simu ndogo ya vitufe yenye tochi hupiga, hutuma ujumbe, hutuma pesa, na hukaa na chaji kwa siku kadhaa. Msifanye utulivu uwe sababu ya kukosa karo.

4. Mkiamua kununua ya wino, ulizeni mambo matatu: Je, inashika masafa ya mitandao ya Kenya? Je, inafungua menyu ya laini na kukubali namba za nyota na reli? Je, ikiharibika, nani ataitengeneza? Ikiwezekana jaribuni kwa laini yenu wenyewe kabla ya kulipa.

5. Wekeni simu janja moja ya nyumba. Ikae mahali pa wazi, sebuleni, kama redio ya zamani. Hiyo ndiyo itakayopokea makundi ya shule, simu za video na hati. Namba ya siri ya kuifungua muijue wote wawili.

6. Gawaneni zamu. Wiki hii baba asome matangazo na kuyajibu, wiki ijayo mama. Nusu saa jioni hutosha kwa mengi. Mambo ya dharura watu wapige simu. Waambieni walimu na jamaa hivyo mapema, wasije wakadhani mmewadharau.

7. Tathminini baada ya mwezi. Ulizaneni bila hasira: Je, mimi nimepumzika kwa mgongo wako? Kama jibu ni ndiyo, rekebisheni. Kurudi kwenye simu janja kwa sababu kazi au familia inadai si kushindwa.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Hapa tunawaomba mshike moja tu, nayo ni ndoa yenu. Simu, iwe ya wino au ya vitufe, ije nyuma yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

(a) Ni saa ngapi ya siku ambapo simu huniudhi zaidi mkononi mwako?

(b) Ni kazi gani ya nyumba inayofanywa kwa simu yangu ambayo hujawahi kuifanya wewe?

(c) Tukizima simu zote leo baada ya chakula, kuna jambo gani ambalo ungependa kuniambia?

Swali la tatu msilijibu kwa haraka. Zimeni kwanza.