Hofu ya Maradhi na Tabia za Nafsi

Mnamo mwaka 1977 kipindupindu kililipuka katika wilaya ya Rufiji, na baadaye kikaenea hadi Dar es Salaam. Lilikuwa wimbi la saba la ugonjwa huo duniani, lililoanzia Indonesia mwaka 1961 na kuingia Afrika Magharibi mwaka 1970.

Chukuliwe mfano wa watu wawili wa Nyamwage, kwenye njia panda ya kwendea Utete, wanaopata habari za mlipuko kama huo siku moja. Wa kwanza anachemsha maji ya kunywa, ananawa mikono kwa sabuni, kisha anakwenda shambani. Wa pili hapati usingizi. Kila tumbo linaponguruma huona saa yake imefika. Hatari iliyowazunguka ni moja. Kwa nini hofu zao si sawa?

Wataalamu wa saikolojia hutaja wepesi wa nafsi kuingiwa na wasiwasi, ambao kwa sehemu hurithiwa. Lakini tabia inayostahili kutazamwa zaidi ni kutovumilia mashaka, yaani kudai uhakika kamili pale usipopatikana. Aliyeambukizwa kipindupindu huweza kukaa saa chache au hata siku tano kabla ya kuugua. Kwa mtu wa namna hii siku hizo tano ni adhabu.

Tena yuko anayeusikiliza mwili wake kupita kiasi, na hapo ndipo penye mtego. Hofu huharakisha moyo, hukausha kinywa na kuchochea utumbo, hata mtu akaharisha bila ya kijidudu chochote. Mwenye hofu huona hiyo ndiyo dalili aliyoitazamia. Huzidi kuogopa, na tumbo huzidi kuchafuka. Wakati wa UVIKO-19, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kifua kilichobanwa na hofu kiliweza vilevile kudhaniwa kuwa kimebanwa na ugonjwa. Kipimo cha hofu hiyo kilichotungwa mwaka huo kina maswali saba, na miongoni mwake mna viganja kutoka jasho, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi.

Kupimwa mara kwa mara humtuliza mtu huyo kwa muda mfupi tu, kisha shaka hurudi. Hata hivyo, mwenye kuharisha maji mengi yaliyo kama maji ya mchele hana budi kupelekwa zahanati mara moja: asipotibiwa aweza kufa kwa saa chache, ilhali kati ya wanaotibiwa mapema hufa pungufu ya 1 katika 100. Kwa hiyo hofu mbaya kupita zote ni ile imfanyayo mtu aikimbie zahanati asije akaambiwa anaumwa.

Jaribio la darasani: wanafunzi wahesabu mapigo ya mshipa wa mkono kwa dakika moja wakiwa wametulia. Kisha mwalimu atangaze mtihani wa ghafla, nao wahesabu tena. Kwa wengi mapigo yataongezeka, ila si kwa kiasi kimoja, ingawa hakuna karatasi iliyokwisha kugawiwa.