Darsa ya Mafuta ya Zeituni, na Wanaoyauza kwa Jina la Dini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo: masuala tuliyoletewa na ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu juu ya mafuta ya zeituni yamekuwa mengi, na mengi yake yauliza jambo moja kwa maneno mbalimbali: je, ni kweli kwamba mafuta haya huponya kila maradhi, na kwamba mwenye kuyatumia hahitaji tena dawa ya hospitali? Darsa hii tuliisomesha hapa Butere katika duara letu, baada ya sala ya Alasiri, na sasa twaiandika ili ifike huko pwani, kwani hatudhani kwamba balaa tuliyoiona hapa imekomea hapa, kama ikomeavyo reli itokayo Kisumu.

Mwenyezi Mungu ameutaja mti wa mzeituni katika Kitabu Chake pahala pengi: katika Sura ya An-Nur, aya ya 35, ulipopigiwa mfano wa nuru, katika At-Tin, ulipoapiwa, katika Al-An'am, An-Nahl na Abasa, ulipohesabiwa pamoja na mitende na mizabibu katika neema, na katika Al-Muuminun, aya ya 20, ulipotajwa mti utokao mlima wa Sinai, unaotoa mafuta na kitoweo kwa walao. Basi msomaji na azingatie. Katika aya hizi mafuta yametajwa kuwa ni mwangaza wa taa na kitoweo cha mlo. Neno shifaa, yaani ponyo, limewekwa katika Sura ya An-Nahl, aya ya 69, kwa kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki. Halikuwekwa kwa zeituni. Hatusemi hivi ili kuyapunguzia mafuta hadhi yake. Twasema ili kila kitu kikae pahala kilipowekwa na Mwenyewe.

Ama Hadithi, iliyo mashuhuri ni ile iliyopokewa kwa Sayyidna Umar, na kwa njia nyingine kwa Abu Asid, kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha mafuta haya yaliwe na yapakwe, kwa kuwa yatoka katika mti uliobarikiwa. Ameipokea Tirmidhi, naye mwenyewe akabainisha kwamba Abdur-Razzaq alikuwa akiisimulia kwa namna zisizolingana, mara kwa kumtaja Umar na mara bila ya kumtaja. Na katika waliokuja nyuma, Sheikh Al-Albani ameikubali kwa kukusanya njia zake. Amri iliyomo ni amri ya uelekezo, si ya wajibu: asiyeyala hana dhambi. Lakini ile nyingine ivumayo midomoni mwa watu, ya kwamba zeituni ni dawa ya maradhi sabini na mojawapo ni ukoma, sanad yake ni dhaifu wala haifai kuwa hoja. Na hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye chupa.

Chupa gani? Nitaeleza, ijapokuwa sehemu ya aibu yake ni yangu. Mwaka uliopita nilitoa hotuba ya Ijumaa nikayasifu mafuta haya sana, wala sikuweka mpaka wowote katika maneno yangu. Baada ya majuma machache akaja mtu mgeni, amevaa kanzu safi na kilemba, akatandika mkeka barazani akiuza vichupa vidogo vya mafuta aliyosema ni ya zeituni na yamesomewa. Alisema yaondosha sukari, presha, utasa na hasadi, na kila aliyesita aliambiwa: "Hukumsikia imamu wako?" Mama mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima, mwenye maradhi ya sukari kwa miaka mingi, aliuza kuku wake akanunua vichupa vitatu, akaviweka vidonge vyake juu ya kabati asiviguse tena. Tulipopata habari, kidonda cha mguuni kilikwisha oza. Madaktari walimkata vidole viwili. Nilipokwenda kumzuru hakunilaumu hata kidogo, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angalinilaumu.

Watu wasije wakafahamu kwamba twakanusha kisomo. Masahaba walimsomea Al-Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, na Mtume (S.A.W.) akalikubali jambo hilo, nayo iko katika Bukhari kwa mapokezi ya Abu Said Al-Khudri. Lakini kumsomea mgonjwa ni jambo moja, na kumwambia aache dawa ni jambo jingine kabisa. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama watafute dawa, aliwaambia watafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake, ameipokea Abu Daud na Tirmidhi kwa Usama bin Sharik. Basi amwambiaye mgonjwa aiache dawa iliyokwisha jaribiwa, huyo ndiye anayekwenda kinyume na Sunna, hata akiwa na kilemba kirefu namna gani.

Na je, yaliyokuwamo kwenye vichupa yalikuwa ni zeituni? Kijana wetu mmoja auzaye duka la vyakula aliyaonja, akasema ni mafuta yale yale ya kukaangia yatolewayo kwenye mitungi ya plastiki, yametiwa rangi. Hapa yafaa tueleze mafuta yenyewe yapatikanavyo, maana mtu asiyekijua kitu ni rahisi kudanganywa nacho.

Mzeituni ni mti wa nchi zilizo kandokando ya bahari ya Mediterania: Uhispania, ambayo ndiyo itoayo mafuta mengi zaidi ulimwenguni, na Italia, Ugiriki, Tunisia, Uturuki, Shamu na Palestina. Hutaka majira ya baridi ili utoe maua vizuri, na kiangazi kikavu. Butere iko karibu na mstari wa Ikweta, mvua yake ni nyingi na baridi ya namna hiyo haiko. Kwa hiyo mtu akikwambia mafuta yake yamekamuliwa hapa Magharibi ya Kenya, muulize mti uko wapi. Ni kweli kwamba tunao mzeituni mwitu katika nyanda za juu za Kenya, ambao Wamaasai hufukizia vibuyu vya maziwa kwa mti wake, na ndugu yake mwengine, Olea capensis, yumo katika msitu wa Kakamega, nao mafundi wa mbao humwita loliondo. Lakini matunda yao ni madogo, nyama yake ni chache, na hakuna biashara ya mafuta itokayo humo. (Na wenye jamaa Omani wasichanganyikiwe wakisikia watu wa huko wakilitaja zeituni sokoni: huko jina hilo hupewa pia pera.)

Mafuta bora ni yale yanayokamuliwa kwa mashine peke yake, bila ya kutiwa dawa na bila ya kupashwa moto mkali, kutoka katika matunda mazima yaliyochumwa karibuni. Kwa Kiarabu huitwa bikr mumtaz, na kwenye chupa huandikwa Extra Virgin. Sharti yake, kwa mujibu wa Baraza la Kimataifa la Zeituni, ni kwamba asidi iliyo huru isizidi asilimia 0.8, na wanaoonja wasione ila katika ladha yake. Chini yake kuna daraja ya bikr ambayo asidi yake haizidi asilimia 2. Kisha kuna yaliyosafishwa kiwandani yakachanganywa na kidogo ya yale mazuri, na mwisho kuna yatokayo katika makapi, ambayo huandikwa Pomace. Haya ya mwisho si haramu wala si sumu, ila si yale unayoyasoma habari zake, na muuzaji akiyauza kwa bei ya yale ya kwanza amekula mali ya watu. Muslim amepokea kwa Abu Huraira kisa cha Mtume (S.A.W.) kupita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani akakuta maji yaliyofichwa chini, na aliyoyasema hapo juu ya mwenye kughushi kila mmoja wetu ameyasoma chuoni.

Alama za kuyajua? Mafuta mazuri yana harufu ya majani mabichi, yana uchungu kidogo, na ukiyameza hukwaruza koo hata mtu akakohoa. Mkwaruzo huo watu wengine hudhani ni ubovu, na kumbe ndio uzuri: mwaka 2005 wataalamu waliandika kwamba unatokana na kitu kiitwacho oleokanthali, kinachofanya kazi mwilini mfano wa dawa ya maumivu iitwayo ibuprofeni, ingawa kwa kipimo kidogo sana. Rangi si dalili. Wala msidanganyike na lile jaribio la kuyatia ndani ya friji yagande. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha California huko Davis wamelijaribu wakaona halibainishi kitu. Nunueni chupa ya rangi nyeusi iliyofungwa kiwandani, yenye tarehe, na muiweke mbali na jiko na jua. Kwa joto la pwani, iliyokwisha funguliwa imalizwe katika miezi michache.

Sasa faida zake. Uchunguzi mkubwa katika jambo hili ulifanywa Uhispania, uitwao PREDIMED, juu ya watu 7,447 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo lakini hayajawashika bado. Waliogaiwa mafuta bora ya zeituni, lita moja kwa juma kwa nyumba nzima, pamoja na mboga, matunda, samaki na kunde, walipatwa na kiharusi na mshtuko wa moyo pungufu kwa kadiri ya asilimia 30 kuliko walioambiwa tu wapunguze mafuta. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2013. Kisha ikaonekana kwamba katika baadhi ya vituo watu hawakugawanywa kwa kura kama ilivyotakiwa. Wenyewe wakaiondoa, wakaihesabu upya, wakaitoa tena mwaka 2018, na matokeo yakawa karibu na yale yale. Nilifurahi kuisoma habari hii, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wanachuoni wetu wa Hadithi, hawakuona haya kulitoa kosa lao hadharani.

Lakini tazama: karibu nusu ya watu hao walikuwa na maradhi ya sukari, na hawakuambiwa waache dawa zao. Mafuta yaliwekwa pamoja na dawa, hayakuwekwa badala yake. Na yaliwekwa pahala pa mafuta mengine, hayakuongezwa juu yake. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, sawa na mafuta yoyote mengine; anywaye vijiko vitano alfajiri kisha akala mahamri yaliyokaangwa, huyo amejinenepesha tu.

Ama urembo, wanawake ndio waliouliza zaidi, na haki yao ni kujibiwa kwa ukweli. Kwa nywele kavu mafuta haya hulainisha na huzuia kukatika. Kuziotesha, hilo halikuthibiti. Hayang'arishi rangi ya ngozi, na michirizi ya uzazi hayaiondoi. Mwenye mba asijipake kichwani, kwa sababu vijidudu vya mba hula mafuta ya namna hii. Na mwenye ukurutu pia ajihadhari: mwaka 2013 wachunguzi wa Sheffield, Uingereza, waliona kwamba zeituni ilidhoofisha kinga ya ngozi za watu wazima, na mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo. Kwa hiyo mtoto mchanga mwenye ngozi kavu asipakwe zeituni kwa kudhani tu kwamba ndiyo Sunna kwake. Na aulizwe muuguzi.

Atasema mtu: vipi Mtume aamrishe kupakwa, nanyi mseme baadhi ya watu wasipake? Jawabu ni la Ibn Al-Qayyim katika mlango wa tiba, alipozungumza juu ya kutuliza homa kwa maji: maneno ya Mtume (S.A.W.) mengine ni kwa watu wote wa ulimwengu, na mengine ni kwa watu wa Hijazi na walio mfano wao, kwa hali ya nchi yao. Ngozi yenye maradhi ina hukumu yake, kama mgonjwa alivyo na hukumu yake katika saumu.

Na asiyeweza bei, asihuzunike. Lita moja ya zeituni iliyo safi hapa kwetu ni bei ya lita kadhaa za mafuta mengine. Alizeti na ufuta hupatikana kwa bei nafuu, nayo ni bora kwa moyo kuliko samli na mafuta mazito. Mafuta ya nazi, ambayo mama zetu wa pwani hawaachani nayo, ni mazuri kwa nywele, ila ya kulia yatumiwe kwa kiasi. Na kukopa pesa kwa ajili ya kichupa ni upumbavu ambao dini haikutuagiza.

Yule mama sasa anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, na mwanawe humletea chupa ya zeituni kutoka Kisumu, ambayo humimina kidogo juu ya kunde. Mwenye vichupa hakurudi tena Butere. Tumesikia ameteremkia pwani. Baraza za misikiti huko zina wenyewe, na wao ndio tuwaombao wamuulize kwanza kabla hajatandika mkeka. Suali la habbat sauda, ambalo wengi wameleta, litajibiwa katika darsa ijayo inshaallah.