Tiki ya Bluu na Chapa ya Mizani

Muhula huu nimeombwa niandike somo la uraia litakalowafaa wanafunzi pamoja na wazazi wao. Nimechagua kitu kidogo kwa umbo, nacho ni ile alama ya bluu yenye tiki nyeupe iandamayo majina ya watu katika mitandao ya kijamii. Wengi hapa Mwakitolyo huiona katika simu zao kila siku. Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza darasani, "Mwalimu, mtu akiwa na tiki ya bluu, si ndiye mwenyewe?" Nilimjibu kwamba jibu lategemea mwaka anaouzungumzia. Darasa likacheka, lakini mimi sikuwa nikitania.

Mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter ulianza kutoa alama hiyo mwaka 2009. Mwaka huohuo kocha mmoja mashuhuri wa besiboli huko Marekani, Tony La Russa, alikuwa ameushitaki mtandao huo, kwa kuwa mtu asiyejulikana alifungua akaunti kwa jina lake akaandika maneno ya aibu kana kwamba yametoka kinywani mwake. Ndipo Twitter walipotangaza kuwa watazihakiki akaunti za watu wajulikanao na za ofisi za serikali. Aliyepewa alama hakulipa kitu. Maana yake ilikuwa moja tu: kwamba mtu mwingine, asiye mwenye akaunti, amechunguza na kuridhika.

Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, wala si haki kuuficha. Wakubwa walipata upesi, wadogo wakasahauliwa, na mara nyingi haikujulikana kwa nini huyu kapewa na yule kanyimwa. Mwaka 2017 maombi ya watu wote yalisimamishwa, yakafunguliwa tena 2021. Katikati ya hayo tiki ikageuka kuwa cheo, watu wakaivaa kama nishani.

Tarehe 27 Oktoba 2022 tajiri Elon Musk aliununua mtandao huo kwa dola bilioni 44. Katika fedha hizo, kiasi cha dola bilioni 13 zilikuwa mikopo, na mikopo hiyo iliwekwa juu ya kampuni yenyewe. Ilikadiriwa kuwa riba yake pekee yapita dola bilioni 1 kwa mwaka. Kabla ya hapo kampuni iliishi kwa matangazo ya biashara, yaliyoleta karibu sehemu tisa katika kila kumi za mapato yake ya mwaka 2021. Baada ya ununuzi watangazaji wengi wakasitasita, wengine wakaondoka. Basi mwenye mali mpya akatafuta chanzo kingine, akaamua kuiuza tiki kwa dola 8 kwa mwezi.

Hapa wanafunzi wa hesabu washike kalamu. Dola 8 kwa mwezi ni dola 96 kwa mwaka. Ukigawanya bilioni 1 kwa 96 utapata watu zaidi ya milioni 10 na laki 4, na hao ni wa kulipa riba tu, bado mishahara na umeme. Mtu mwenye hesabu ya namna hiyo mbele yake hana subira ya kumchunguza kila mteja mmoja mmoja. Mimi naona shina la matatizo yote yaliyofuata ni hilo.

Mauzo yalianza tarehe 9 Novemba 2022. Kesho yake tu mtu mmoja alilipa dola zake 8, akajiita Eli Lilly, ambalo ni jina la kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akapata tiki, akatangaza kwamba insulini sasa hutolewa bure. Mwenye ugonjwa wa kisukari au mwenye mzazi augueye ataelewa uzito wa tangazo hilo, kwa maana insulini huko Marekani ni ghali na wako watu wanaopunguza dozi kwa kukosa fedha. Kampuni halisi ilibidi ijitokeze kuomba radhi kwa wale waliodanganywa, na siku iliyofuata bei ya hisa zake ilishuka kwa zaidi ya asilimia 4. Akaunti nyingine nyingi za uongo zilitokea siku hizohizo. Mauzo yakasimamishwa, yakarudishwa tarehe 12 Desemba yakiwa na masharti kidogo zaidi, kama vile kuwa na namba ya simu iliyothibitishwa na akaunti kutazamwa kabla ya kupewa alama.

Sasa tuache simu kidogo twende sokoni, kwa sababu sisi jambo hili twalijua zamani kwa jina lingine.

Kila muuza nyama, mnunuzi wa pamba na mnunuzi wa dhahabu ana mizani. Sheria ya nchi yetu yataka mizani ya biashara ihakikiwe kila mwaka na Wakala wa Vipimo, ipigwe chapa. Mwenye mizani hulipa ada. Je, tuseme basi amenunua chapa? La. Mkaguzi huja na mawe yake ya uzito ambayo yamehakikiwa, huyaweka juu ya sahani, hutazama mshale. Mizani ikidanganya, chapa haipigwi hata kama ada imelipwa na risiti iko mfukoni. Ada yalipia kazi ya kupima, haikulipia jibu. Mwanafunzi akiishika tofauti hii amelishika somo zima.

Waingereza nao wana mfano wake, tena wa dhahabu hasa. Mwaka 1300 Mfalme Edward wa Kwanza aliweka sheria kwamba chombo cha fedha kisitoke mikononi mwa sonara mpaka kimepimwa na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Hata leo masonara wa London hupeleka vitu vyao katika jumba la chama chao vipimwe, nao hulipia kazi hiyo. Kisichofikia kiwango hakipati chapa. Kwa karne nyingi watu wamelipa, na chapa haikupoteza heshima yake, maana huwezi kulipa zaidi ili shaba iitwe dhahabu. Hapa kwetu pia mnunuzi husugua kipande juu ya jiwe jeusi, akadondosha tindikali, akatazama rangi isiyofutika. Hamwulizi aliyekileta kama ana fedha za kulipia jina zuri.

Yupo atakayesema kuwa mfano huu ni wa mambo ya vyuma tu. Basi nimkumbushe mambo ya pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walinung'unika sana juu ya mizani za wanunuzi. Mzigo uliopimwa nyumbani ulipungua ukifika kwa mnunuzi. Chapa kwenye mizani haikuwatosha, kwa kuwa aliyesimama kuisoma alikuwa mtu wa mnunuzi. Wakataka wapimaji wao wenyewe wasimame hapo, na katika madai ya namna hiyo ushirika ulikua, chini ya viongozi kama Paul Bomani, hadi lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria mwaka 1955. Babu zetu, wengi wao bila kufika hata darasa la nne, waliuliza swali lilelile ninalotaka mjifunze kuuliza: huyu anayenihakikishia, anakula kwa nani?

Tiki ya zamani ilikuwa ya msomaji. Ilimsaidia yule anayetazama asidanganywe. Tiki ya kununuliwa ni ya yule anayelipa. Tena hakununua alama tu. Maneno ya aliyelipa hupandishwa juu katika majibu ili yaonekane kabla ya ya wengine, na tangu Julai 2023 baadhi yao wakaanza kugawiwa fedha za matangazo. Mwezi huohuo mtandao ukabadilishwa jina ukaitwa X. Mashirika yakawekewa tiki ya rangi ya dhahabu, ambayo huko Marekani ilianzia dola 1,000 kwa mwezi. (Sisi watu wa machimboni tukisikia neno dhahabu masikio husimama, lakini hiyo si ya kupeleka karashani.)

Tarehe 20 Aprili 2023 tiki za zamani ziliondolewa kwa wasiolipa. Siku tano kabla yake vita vilikuwa vimeanza Sudani baina ya jeshi la taifa na kikosi cha RSF. Tarehe 21 Aprili akaunti ya uongo iliyojiita ya RSF, yenye tiki ya bluu, ilitangaza kwamba kamanda wao, Jenerali Mohamed Hamdan Dagalo, amekufa. Habari hiyo haikuwa kweli, nayo ilionekana zaidi ya mara milioni moja. Fikirini mama aliyefungiwa ndani mjini Khartoum, risasi zikilia, akisoma habari ile: atoke na watoto au abaki? Hapo tiki si mapambo tena.

Ni haki nieleze pia hoja ya upande wa pili. Musk alisema utaratibu wa kale uliwagawa watu kuwa mabwana na watwana, na kwamba ada huzuia wale waendeshao maelfu ya akaunti za mashine, kwa kuwa kila moja itawagharimu. Hoja zote mbili zina kiini cha kweli. Lakini tapeli hahitaji akaunti elfu. Moja yamtosha, na dola 8 kwake ni mtaji mdogo mno. Kampuni ya Meta, yenye Facebook na Instagram, nayo ilianza kutoza ada mwaka 2023, ila iliweka sharti la kuonyesha kitambulisho cha serikali. Hiyo inakaribia zaidi njia ya mkaguzi wa mizani, ijapokuwa bado anayepima na anayeuza ni yuleyule. Desemba 2025 Tume ya Ulaya iliitoza X faini ya euro milioni 120, na mojawapo ya makosa iliyoyataja ni kwamba tiki ile inawapotosha watumiaji.

Wala alama, hata ya haki, haithibitishi kila neno. Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi letu la Polisi ilivamiwa na wadukuzi, wakatoa humo mambo machafu na uongo juu ya Rais. Akaunti ilikuwa ya kweli, maneno yalikuwa ya mwizi. Polisi walikanusha, na mtandao huo ukazuiwa nchini.

Sasa nifike nyumbani. Mzazi mmoja wa shule yetu, mchimbaji mdogo, aliona katika mtandao mmoja ukurasa wenye alama ya uthibitisho ukiuza chombo cha kutafutia dhahabu ardhini. Alituma shilingi laki nne na nusu. Chombo hakikuja, na namba ile ikazimwa. Fedha hizo zilikuwa za sare na madaftari ya watoto wawili. Aliponisimulia hakulia wala hakutukana; alisema tu, "Mwalimu, kulikuwa na tiki." Nilimwuliza kama angenunua dhahabu kwa mtu asiyemjua bila kuiweka mizanini. Akanitazama kama nimemtukana. Ameruhusu nieleze habari hii bila jina lake, ili wengine wasikie.

Wazazi, yafaa basi kabla ya kutuma fedha mpige namba mliyoipata kwenye risiti ya zamani au ofisini, si ile iliyoandikwa katika ukurasa huo. Habari nzito ya serikali itafuteni redioni au kwa mtendaji wa kata, na ahadi ya mkopo kutoka ukurasa wenye picha ya kiongozi msiilipie hata shilingi ya fomu.

Wanafunzi wa Kidato cha Pili mtafanya zoezi hili wakati wa likizo. Tafuteni alama tano zinazotumika hapa kijijini kuthibitisha jambo, kama chapa ya mizani, muhuri wa mwenyekiti wa kijiji au leseni ya mchimbaji. Kwa kila moja andikeni nani huitoa, hupima nini kabla ya kuitoa, nani hulipa, na mwombaji aweza kukataliwa hata kama amelipa. Majibu nitayapokea wiki ya kwanza ya muhula ujao.