Jina Lisilobisha Hodi

Nje ya ghala la chama cha msingi, pembezoni mwa mji wa Bariadi, msimu wa kuuza pamba. Foleni ya mizani ni ndefu. Mzee ni mwalimu mstaafu, siku hizi mkulima. Binti ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mzaliwa wa Tanga, aliyepangiwa kazi huku.

BINTI: Shikamoo, Mwalimu.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Kaa hapo juu ya gunia. Si langu, lakini mwenyewe ameenda kunywa chai. Naona umekuja na daftari, basi hukufuata bei ya pamba.

BINTI: Nimefuata sentensi moja. Mwanafunzi kaandika insha ya mpira: "Kipa wao alidaka kila kitu, tukajua wamepitia Gamboshi." Niliposoma kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko. Najua Gamboshi ni kijiji. Kijiji kinachekesha nini?

MZEE: Kijiji cha wilaya hii hii. Watu wake wanalima, wanafuga, watoto wanaenda shule. Lakini mtu wa Dar es Salaam anayedhani bado tuko mkoa wa Shinyanga, na Simiyu ni mkoa tangu 2012, atakuapia kwamba Gamboshi ndiko makao makuu ya wachawi. Mwanafunzi wako hakumwita kipa mchawi. Katupa jina, wasomaji wakamalizia wenyewe. Hilo ndilo dokezo.

BINTI: Darasani tunasema dokezo ni kutaja kwa kifupi mtu, mahali, tukio au kisa kinachojulikana.

MZEE: Kinachojulikana kwa nani? Hapa ukimsifu kijana kwamba ni Masala Kulangwa, humwelezi mtu. Aliyelelewa na bibi wa Kisukuma analiona Shing'weng'we, dude lililomeza watu wote na mifugo yao, na mama mmoja mjamzito aliyenusurika, na mtoto aliyemzaa ambaye alikua, akaliua lile dude, akalipasua tumbo watu wakatoka hai. Lipeleke jina hilo Tanga.

BINTI: Tutauliza ni mtoto wa nani.

MZEE: Na ukilitumia, hadithi inakuja nzima, hata usipoialika yote. Wapo wasimulizi wanaosema wakati wa kupasua kisu kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwa ndani, naye badala ya kushukuru akamwandama mwokozi wake. Sasa mpambe anamwita mgombea Masala Kulangwa, amemaliza. Mpinzani wake anauliza tu, "Na sikio la bibi je?" Ukumbi unapasuka kwa kicheko. Mgeni aliyekaa katikati yao amesikia maneno yote na hakuambulia kitu.

BINTI: Mgeni huyo ni mimi. Nitalitambuaje dokezo la hadithi nisiyoijua?

MZEE: Mwandishi akileta mgeni kwenye maandishi, humtambulisha: kijiji kimoja kiitwacho hivi, mzee mmoja wa mahali fulani. Jina likiingia bila kubisha hodi, ujue mwandishi anaamini tayari ni mwenyeji kwako. Simama hapo, uliza wenyeji.

BINTI: Na pasipo jina?

MZEE: Hapo ndipo pagumu. Angalia jambo lililo zito kuliko kazi lililopewa. Mtu kaandika kwamba bwana shamba alilinyooshea shamba kidole, wiki hiyo hiyo pamba ikanyauka. Ukiishia kuulizia dawa ya wadudu, umepitwa. Kwa nini kidole? Kwa sababu Usukuma mzima unamkumbuka Mwanamalundi, mcheza ngoma wa enzi za Wajerumani, anayesimuliwa kwamba alinyooshea miti kidole ikakauka. Bwana shamba wa watu kageuzwa Mwanamalundi na hana habari.

BINTI: Vitabuni je? *Rosa Mistika* nilidhani ni jina la msichana na la ukoo wake.

MZEE: Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, akapitia seminari. Mkatoliki akiliona jalada lile anasikia Litania, maana hilo ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria. Halafu anafungua, anakutana na msichana anayechapwa na baba yake, anayepotea akiwa masomoni, mwisho anajiua. Kitabu kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Husemwa ni kwa sababu ya mambo ya mapenzi. Kwangu mimi, jalada peke yake lingetosha kumnyima padri usingizi.

BINTI: Baba yake Rosa anaitwa Zakaria. Katika Kurani, Zakaria ndiye mlezi wa Maryam.

MZEE: Ehee! Sisi wa kanisani Zakaria tunamjua kama baba wa Yohana Mbatizaji, nami nilimpita pale bila kugeuka. Lakini usishangilie mapema. Kina Zakaria ni wengi, na mwandishi alihitaji jina la baba Mkristo. Mweke yule mlezi nyuma ya baba huyu, kisha usome tena. Kitabu kinapata kitu?

BINTI: Kinapata. Mmoja alikabidhiwa binti akamtunza. Huyu ni mlevi, na malezi yake ni kipigo.

MZEE: Basi fundisha hivyo, ila useme ni usomaji wako. Kezilahabi alifariki 2020, usimwandikie nia ambayo hakuiandika.

BINTI: Na huyu wa Gamboshi nimpe ngapi?

MZEE: Kwa ufundi, mpe za juu. Kisha mwite pembeni. Kanda hii imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao macho mekundu, na macho yenyewe yameiva kwa moshi wa kupikia. Dokezo la Gamboshi linachekesha kwa sababu wote tumekubali jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Darasani kwako yupo mtoto wa kijiji hicho?

BINTI: Yupo. Hata yeye alicheka.

MZEE: Alianza yeye, au alicheka baada ya kuwatazama wenzake?

BINTI: ... Baada ya wenzake.

MZEE: Huyo ndiye mpe kazi. Asimulie kwanza kijiji chake, kisima, mnada, babu yake, chochote. Kisha darasa zima liandike sentensi yenye Gamboshi, isiyo na uchawi, na msomaji aelewe zaidi ya kilichoandikwa.

BINTI: Itaeleweka kweli?

MZEE: Dar es Salaam, hapana. Darasani kwako, kama mtakuwa mmemsikiliza, itaeleweka. Haya, mwenye gunia anarudi, inuka.