Thamani Imebadilika: Nani Aliyeibadilisha?

Tuseme unatengeneza programu ndogo ya kompyuta ya kukokotoa zaka ya fedha iliyofikia nisabu, kwa Python na Qt. Dirishani umeweka visanduku viwili vya namba vya aina ya QSpinBox: mali na zaka. Unataka mtu akiandika mali, zaka ijijaze, na akiandika zaka, mali ijijaze. Zaka ni sehemu moja ya arobaini, hivyo hesabu moja inagawanya kwa 40 na nyingine inazidisha kwa 40.

Thamani ya kisanduku inapobadilika, hutokea tukio liitwalo valueChanged. Unaunganisha kila tukio na hesabu yake, unaongeza kikomo cha juu (bila hivyo QSpinBox huishia 99), kisha unajaribu. Unaandika 150, kisanduku kinaonyesha 120. Kwa nini?

150 kugawanya kwa 40 ni 3.75. QSpinBox hubeba namba nzima tu, na desimali ikikatwa zaka inakuwa 3. Zaka nayo imebadilika, basi inatoa tukio lake: 3 mara 40 ni 120, na mali inaandikwa upya. Tukio linasema thamani imebadilika. Halisemi kama aliyeibadilisha ni mtumiaji au programu yenyewe.

Kutumia QDoubleSpinBox yenye desimali mbili kunaficha kosa tu: 150.50 inatoa zaka 3.76, nayo inarudisha mali 150.40.

Fanya hivi:

1. Kabla programu haijaandika zaka, ita zaka.blockSignals(True), weka thamani kwa setValue, kisha ita blockSignals(False). Fanya vivyo hivyo kwa mali. Ukisahau hatua ya mwisho, kisanduku kitabaki bubu.

2. Tumia setKeyboardTracking(False) ili tukio lisubiri mtu abonyeze Enter au ahamie kwingine, badala ya kutokea kwa kila tarakimu.

3. Jiulize kama kisanduku cha pili kinahitajika. Kama zaka ni ya kusomwa tu, ionyeshe kwa QLabel.

Mwenye mali asiyegundua 120 iliyochukua nafasi ya 150 atatoa zaka pungufu. Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu programu yako, ijaribu kwa namba zisizogawanyika kwa 40. Ukijaribu 400 na 4,000 pekee, kila kitu kitaonekana sawa.